Jeraha limefunga lakini mbwa anakanyaga kisigino: uzi kuhusu kano zilizokatika na namna zinavyoshonwa

Mleta uzi, Tabora mjini

Wanajamvi, nawasalimu. Mimi ni daktari wa mifugo na kazi zangu nazifanyia hapa Tabora. Kwa sehemu kubwa ya wiki wagonjwa wangu ni ng'ombe na mbuzi; mbwa huletwa pale tu ambapo mwenyewe ameona mambo yamemshinda. Nimefungua uzi huu kwa sababu ndani ya mwezi mmoja nimepokea mbwa wawili wenye tatizo lilelile, wote wakiwa wamechelewa, na wote wakiwa wameshonwa vizuri sana mahali pasipohusika.

Mmoja wao anaitwa Doria, jike la kienyeji la kilo kumi na tisa, analinda bani la tumbaku, yaani banda la kuikaushia, upande wa Uyui. Usiku mmoja alifukuza nguchiro, akaruka mabati yaliyokuwa yameegemezwa ukutani, na ukingo wa bati ukamkata nyuma ya mguu wa kushoto wa nyuma, kama upana wa vidole vitatu juu ya kisigino. Ngozi ilishonwa asubuhi yake kwa nyuzi saba, akachomwa sindano, jeraha likakauka bila hata tone la usaha. Siku ya kumi na mbili nyuzi zilitolewa na kila mtu akaridhika, isipokuwa mke wa mwenye mbwa, ambaye alisema kwamba Doria anatembea kama sungura.

Walipomleta nilimwacha apite kwenye sakafu ya saruji iliyokuwa imetoka kupigwa deki. Miguu mitatu iliacha alama za kawaida, yaani vidole vinne na kitanga kidogo. Mguu wa nne uliacha alama ndefu kama wayo wa mtoto anayejifunza kutembea. Kwa alama ile peke yake nilikuwa nimeshajua kilichokatika, kabla sijamgusa.

Nisije nikaonekana namcheka mwenzangu aliyeshona ngozi. Miaka kadhaa nyuma nami nilimshona mbwa wa mlinzi aliyekatwa panga mahali palepale, nikahesabu nyuzi zangu, nikaona zimelala sawasawa, nikamruhusu aende. Sikumsimamisha nikamtazama. Alirudi baada ya miezi miwili kwa ajili ya chanjo, na mguu wake ndio ulionifundisha haya ninayoyaandika.

Kwanza tuelewane juu ya mguu wenyewe. Watu wengi wanapoutazama mguu wa nyuma wa mbwa huona kitu wanachokiita goti lililogeukia nyuma. Goti la mbwa liko juu zaidi, karibu na tumbo, na linakunjika kuelekea mbele kama la kwetu. Ile ncha ngumu inayochomoza nyuma, katikati ya mguu, ndiyo kisigino chake. Mbwa anatembea maisha yake yote akiwa amesimama kwa vidole. Kinachokishikilia kisigino hicho kisianguke chini ni kamba moja nene inayotoka kwenye shavu la mguu na kushikwa kwenye mfupa wa kisigino. Ukimshika mbwa wako sasa hivi utaipata kati ya kidole gumba na cha shahada, ngumu kama kamba ya kitanda.

Kamba hiyo kwa kweli ni kano tatu zilizolala pamoja; kano ndiyo inayoushika msuli kwenye mfupa. Iliyo kubwa ni ya msuli wa shavu la mguu. Ya pili ni muungano wa kano za misuli mitatu ya paja. Ya tatu ni ya msuli unaokunja vidole, na hii haiishii kwenye kisigino: inakifunika kwa juu kama kofia, kisha inaendelea chini hadi vidoleni. Naomba mkumbuke kofia hiyo, kwa sababu baadaye itatueleza ni kano ipi imebaki na ipi imekwenda.

Sasa kuna jambo la lugha ambalo nadhani linatugharimu. Huku kwetu neno "mshipa" linabeba kila kitu kilicho kama uzi ndani ya mwili. Mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa, kano ni mshipa, hata ngiri nayo ni mshipa. Mwenye Doria aliambiwa kwamba "mshipa umeshtuka, utarudi". Neva iliyoshtuka inaweza kurudi, hilo ni kweli. Kano iliyokatika hairudi, kwa sababu msuli wake unaendelea kuivuta kwenda juu kila siku, na pengo linazidi kupanuka huku ngozi ya nje ikipendeza. Kwa hiyo ndani ya uzi huu nitasema kano pale ninapomaanisha kano.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mlaze mbwa ubavu, mguu ulioumia uwe juu, mtu mwingine amshike kichwa na mdomo uwe umefungwa. Kwa mkono mmoja nyoosha goti kabisa na ulishikilie hapo. Kwa mkono wa pili jaribu kuusukuma wayo kuelekea mbele ya muundi. Kwa mguu mzima hautafaulu, kwa sababu goti likinyooka kano inakaza na kisigino kinagoma. Kwa Doria kisigino kilikunjika chote huku goti likiwa limenyooka, bila ugumu wowote, na kidole changu kikazama kwenye shimo mahali ambapo kamba ilipaswa kuwa. Fanya hivyo kwa mguu mzima kwanza, ili mkono wako uwe na cha kulinganisha.

Nitaendelea na aina za majeraha baada ya kula.

Mleta uzi, Tabora mjini

Naendelea. Namna mbwa anavyosimama inaeleza mengi kuliko ukubwa wa jeraha.

Kano zote tatu zikikatika, kisigino kinagusa ardhi. Hiyo ndiyo hali ya Doria, na ndiyo ya kawaida kwa panga, bati, chupa na waya wa mtego.

Ipo hali ya pili ambayo hupotosha. Kano ya shavu la mguu na ile ya paja zinang'oka kwenye mfupa, lakini ile ya vidole yenye kofia inabaki nzima. Hapo kisigino kinashuka nusu tu, na kwa kuwa kinaposhuka kinaivuta ile kano iliyobaki, vidole vinajikunja kama mbwa anayetaka kushika kitu. Mara nyingi hakuna jeraha la nje kabisa. Mbwa wa aina ya Dobermann na Labrador wenye umri na uzito ndio wanaotajwa sana, na inaweza kuanza polepole: leo anachechemea, wiki ijayo panavimba juu ya kisigino, baadaye vidole vinakunjika. Ukiona vidole vimekunjwa hivyo, usisubiri kisigino kiguse chini ndipo uamini.

Hali ya tatu iko chini zaidi, nyuma ya wayo, kwa mbwa aliyekanyaga chupa. Huko zinapita kano mbili za kukunja kila kidole, moja juu ya nyingine. Ikikatika ya ndani, ambayo inafika hadi kwenye mfupa wa mwisho, kucha inainuka na kutazama juu. Zikikatika zote mbili, kidole kinalala bapa. Mbwa mwenye tatizo hili haonekani kilema akiwa amelala. Ni lazima asimame na abebe uzito.

Kuna magonjwa mengine yanayojifanya kano. Mfupa wa kisigino ukivunjika, kisigino pia kinashuka, na ndiyo maana picha ya eksirei inapigwa hata pale daktari anapoona ameshajua jibu. Picha hiyo huonyesha pia kipande cha mfupa kilichong'oka pamoja na kano. Neva ya nyuma ya mguu ikiumia, kisigino kinashuka vilevile, lakini kamba unaishika nzima kwa vidole, na ukimminya mbwa chini ya wayo anakutazama tu kama hujamgusa. Hapa niseme jambo ambalo halitawafurahisha baadhi yetu: sindano inayochomwa kiholela nyuma ya paja inaweza kuipata neva kubwa ya siatiki, na mbwa akatoka chumba cha sindano akiwa na ulemavu ambao hakuingia nao.

Altrasaundi ndiyo inayoonyesha nyuzinyuzi zenyewe za kano, ni kiasi gani zimekatika na ncha ziko wapi. Mikono yangu haijazoea sana kuitumia kwenye kano; penye jeraha lililo wazi, kidole kilichovaa glavu safi hunijibu maswali mengi.

Mchangiaji, Urambo

Daktari, nashukuru kwa uzi huu, na naomba nikueleze yangu. Mbwa wangu ni dume, tunatoka naye kwenda kwenye mizinga porini. Alinaswa na waya wa mtego mguu wa kulia wa nyuma, sasa ni wiki ya tisa. Jeraha lilifunga. Nilishauriwa nimkande kwa maji ya moto na mafuta, nimekanda kila jioni. Anatembea kwa kisigino kama ulivyoandika, na juu ya kisigino pana uvimbe mgumu usiouma. Je, nimechelewa kabisa? Nimeona pia nyuma ya mguu manyoya yameanza kuisha, na ngozi imekuwa nyekundu.

Mleta uzi, Tabora mjini

Ndugu yangu wa Urambo, pole sana. Umechelewa, lakini si kwamba mlango umefungwa. Uvimbe huo mgumu ni kovu lililojaza pengo kati ya ncha mbili. Kwa kuwa mbwa aliendelea kuukanyagia mguu, kovu limeponea katika urefu usio wake, na kamba iliyorefuka haina nguvu ya kuinua kisigino. Kukanda hakukuharibu kitu, ila hakuwezi kufupisha kano.

Kwa jeraha la zamani upasuaji wake unatofautiana na wa jeraha jipya. Kovu linakatwa mpaka zionekane nyuzinyuzi zenye uhai, na baada ya kukata panaweza kubaki nafasi kubwa isiyokutana hata kisigino kikinyooshwa. Hapo hutafutwa kipande cha utando mgumu kutoka kwenye paja lake mwenyewe ili kuziba, au kano inashonwa moja kwa moja kwenye tundu lililotobolewa katika mfupa. Ikishindikana yote, kuna njia ya mwisho ya kukigandisha kiungo kwa bamba la chuma na skrubu ili kisikunjike tena maisha yake yote. Mbwa wa namna hiyo hutembea bila maumivu, ingawa hakimbii kama zamani.

Kuhusu ngozi inayochubuka, nunua bandeji na pamba leo, mfunge nyuma ya wayo, ubadilishe kila bandeji inapolowa. Ngozi ile haikuumbwa kukanyagiwa. Ikifunguka kidonda hapo, hakuna daktari mwenye busara atakayekubali kufanya upasuaji juu yake kabla hakijapona.

Mchangiaji, Sikonge

Habari zenu wataalamu. Mimi ni afisa mifugo wa kata. Naomba kuuliza kwa upande wetu tulio mbali na chumba cha upasuaji. Nikikutana na jeraha bichi la aina hiyo kijijini, na kipimo cha goti kikaonyesha kwamba kano imekatika, ni lipi la kufanya na lipi la kuacha? Nauliza kwa sababu mwenye mbwa akiona damu anataka uzi upite mara moja, na usiposhona anaona hujui kazi.

Mleta uzi, Tabora mjini

Afisa, swali lako ndilo lenye manufaa kuliko mengine, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Anza na mdomo wa mbwa. Mfunge, hata kama ni mpole na mwenyewe anakuapia, kisha uliza kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hujaweka mkono kwenye damu na mate.

Osha jeraha kwa wingi. Chupa nzima ya dripu ya maji ya chumvi, ikitobolewa kifuniko kwa sindano nene na kuminywa kwa nguvu, inaondoa mchanga na manyoya kuliko dawa kali yoyote. Spiriti na haidrojeni peroksaidi viache. Vinaunguza kano iliyo wazi. Ukiona ncha nyeupe ya kano usiikate, wala usiivute kwa koleo ili uione vizuri.

Kisha fikiria mguu kabla ya ngozi. Nyoosha kisigino, ili ncha zisogeleane na msuli usiendelee kuvuta, ufunge kwa pamba nyingi na banzi upande wa mbele au wa ubavuni, kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu na kulainishwa kingo kwa moto kinatosha kabisa kwa siku moja mbili. Acha kucha mbili za katikati zionekane, uweze kugusa kama vidole ni vya moto au vimepoa. Ngozi unaweza kuishikiza kwa nyuzi mbili tatu za muda ili isikauke, lakini mwambie mwenye mbwa kwa maneno yasiyo na utata kwamba kazi haijafanyika bado.

Maumivu yatulizwe kwa dawa inayofaa mbwa, kama meloksikamu kwa kipimo cha uzito wake. Diklofenaki, ibuprofeni na panadoli za binadamu zisitumike. Tumbo, ini na figo za mbwa haziwezi kuhimili, na nimewahi kuletewa mbwa mwenye jeraha dogo ambaye hali yake mbaya ilitokana na vidonge. Na ile sindano ya deksamethasoni, ambayo wengi wetu huichoma kwa mazoea kila tunapoona uvimbe, iacheni kabisa hapa, kwani inachelewesha kano kuunga.

Baada ya hapo msafirishe. Jeraha safi la siku hiyohiyo au kesho yake ndilo linaloshonwa kwa urahisi, kano tatu zikatambuliwa na kila moja ikashonwa kivyake. Jeraha chafu husafishwa kwanza kwa siku chache huku banzi likiwapo. Upasuaji wenyewe ufanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inawatenga wazi madaktari na wataalamu wasaidizi, na sidhani kama kano ni mahali pa kujaribia mpaka huo.

Mchangiaji, Nzega

Nimesoma yote kwa makini. Sijaona bado kano yenyewe inashonwaje. Ukishona kamba yenye nyuzinyuzi zilizolala upande mmoja, uzi si utapasua tu katikati yake kama kisu kwenye mua?

Mleta uzi, Tabora mjini

Ndivyo hasa unavyofanya, na umeeleza tatizo zima la upasuaji huu kwa sentensi moja. Ukipitisha uzi kwa njia ya kawaida, mara mbwa anapokaza msuli uzi unateleza katikati ya nyuzinyuzi na kutokea mwishoni. Kwa hiyo mishono ya kano imebuniwa ili ishike nyuzinyuzi kwa ubavu.

Kwa Doria nilifanya hivi. Alilazwa kifudifudi, mguu ukaning'inizwa na kunyolewa hadi juu ya paja. Nilipasua ubavuni mwa kovu, si juu yake, ili mshono wa ngozi usije ukakaa juu ya mshono wa kano na vyote viwili vikagandana. Ncha ya chini niliiona mara moja. Ya juu ilikuwa imekimbia karibu sentimita nne ndani ya ala yake, imejikunja, na rangi yake ilikuwa ya kijivu. Kano nzima ina weupe unaometa, kama ubavu wa dagaa aliyetoka Kigoma asubuhi. Nilikata vipande vyembamba kutoka kwenye ncha mpaka weupe ule ukatokea, kisha nikaacha, kwa sababu kila milimita unayoitupa utaitafuta baadaye.

Mshono niliotumia kwa kano kubwa ya mviringo ni ule wa vitanzi vitatu unaofanya kazi kama roda. Kitanzi cha kwanza kinaingia karibu na mkato upande mmoja na mbali nao upande wa pili. Cha pili kinaingia katikati pande zote. Cha tatu ni kinyume cha cha kwanza: mbali upande huu, karibu upande ule. Vitanzi hivyo vimepishana kwa nyuzi 120 kuizunguka kano (mnisamehe, katika uzi huu kuna uzi wa kushonea na nyuzi za pembe pia). Ukivuta ncha mbili za uzi, vitanzi vyote vinateleza kwa pamoja na kano zinakutana taratibu bila kukunjamana. Fundo linafungwa mguu ukiwa umenyooshwa na msaidizi. Kwa kano bapa, ambazo hazina unene wa kubeba vitanzi vitatu, hutumiwa mishono inayojifunga yenyewe pembeni.

Uzi uwe wa nyuzi moja, laini, kama polipropilini au nailoni, au ule unaoyeyuka polepole kwa miezi. Uzi wa kusokotwa hukwaruza kano na hufuga wadudu katikati ya misokoto. Mwisho nilizungusha mshono mwembamba kwenye utando wa juu wa kano yenyewe. Si urembo, unaongeza nguvu na unazuia pengo.

Pengo hilo ndilo adui. Gelberman na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti uliofanywa kwenye kano za mbwa za kukunja vidole, wakaonyesha kwamba pengo linalozidi milimita 3 kati ya ncha huifanya kano isiongeze nguvu katika wiki sita za mwanzo, wakati pengo dogo kuliko hapo halizuii. Milimita tatu ni unene wa sarafu mbili hivi zikilazwa moja juu ya nyingine. Mbwa anaweza kulifungua pengo hilo kwa kuruka kitandani mara moja.

Mchangiaji, Kigoma

Daktari mwenzangu, nakubaliana nawe kuhusu mshono, ila nina hoja. Hukutuambia kiungo ulikishikilia kwa kitu gani. Kwa uzoefu wangu mshono mzuri hauokoi kitu ikiwa kisigino kinacheza. Mimi huweka skrubu moja kutoka mfupa wa kisigino kuingia kwenye mfupa wa muundi, kisha banzi juu yake. Plasta ngumu peke yake kwa hali ya hewa yetu ya ziwani, hasa masika, nimeiacha. Unaifungua unakuta ngozi imeoza.

Mleta uzi, Tabora mjini

Mkuu, hoja imepokelewa, na kwa mbwa wa kilo thelathini ningefuata njia yako. Skrubu inashika vizuri kuliko chochote cha nje. Ninachokiogopa ni mbwa wa bani asiyejua kamba ni nini: akiruka, skrubu inapinda au inakatika ndani, na kuitoa ni upasuaji mwingine ambao mwenye mbwa hakuupangia fedha. Vyuma vya nje vinavyoshikwa na fremu navyo ni vizuri, kwa sababu unaona jeraha kila siku, ila vinataka mwenye mbwa atakayesafisha matundu ya pini asubuhi na jioni.

Kwa Doria nilitumia plasta ngumu, tukiwa kiangazi, nikaipasua pande mbili baada ya kukauka ili iwe mfano wa ganda linalofunguka. Kila baada ya siku nne aliletwa, ganda likafunguliwa mguu ukiwa umeshikiliwa vilevile ulivyonyooka, ngozi ikakaguliwa, pamba ikabadilishwa. Safari moja nilikuta wekundu wa ukubwa wa shilingi mia kwenye ncha ya kisigino, nikatoboa dirisha dogo mahali hapo. Nakubali kwamba kama angekaa kijiji cha mbali zaidi, njia hii ingeshindwa.

Mchangiaji, Nzega

Naomba nisionekane mkatili. Mbwa wa kienyeji anapatikana bure. Gharama za dawa ya usingizi, uzi, plasta na nauli za kila siku nne, nani wa huku atazilipa?

Mleta uzi, Tabora mjini

Si ukatili, ni swali ambalo kila mwenye mbwa huniuliza akiwa ameinamisha macho, na ni bora liulizwe wazi. Huwa namweleza mtu gharama zote kabla sijashika kisu, pamoja na wiki za baada ya upasuaji, kwa sababu mtu anayeweza kulipia siku ya kwanza tu atapoteza fedha na mbwa pia. Nimewahi kumshauri mzee mmoja asifanye upasuaji wa kidole chenye kucha iliyoinuka, kwa kuwa mbwa wake alikuwa anakimbia vizuri na kasoro hiyo ilikuwa ya macho zaidi. Kisigino kilichoshuka hakina nafuu hiyo. Kitachubuka, kitaota kidonda, na kidonda hicho kitamtesa mbwa kuliko kano yenyewe.

Mwenye Doria aliniambia kwamba mbwa anaweza kupata mwingine, ila mbwa anayejua harufu ya kila mtu anayefanya kazi kwenye bani lile itamchukua miaka miwili kumpata. Sikuongeza neno.

Nieleze basi hizo wiki, maana ndizo zinazogharimu. Kano huunga polepole kwa sababu damu inayoifikia ni kidogo. Mwili huanza kwa kujaza kovu la haraka na dhaifu, na baadaye, kwa miezi, hubadilisha kolajeni (protini inayojenga kano) ile laini kuwa ile imara na kuzipanga nyuzinyuzi kufuata mvuto. Takwimu zinazofundishwa katika upasuaji wa mifugo ni kwamba baada ya wiki 6 kano ina takriban asilimia 56 ya nguvu zake za awali, na baada ya mwaka mzima takriban asilimia 79. Kwa hiyo siku plasta inapoondolewa, ambapo mbwa anaruka kwa furaha na mwenyewe anataka kunikumbatia, kano imefika nusu ya njia tu.

Doria alikaa na ganda wiki sita. Wiki mbili zilizofuata nilimwekea banzi jepesi la upande mmoja linaloruhusu kisigino kucheza kidogo, kwani mvuto mdogo ndio unaozielekeza nyuzinyuzi mpya. Baada ya hapo alitembezwa kwa kamba dakika tano, mara tatu kwa siku, ardhi tambarare, muda ukiongezwa kila wiki. Usiku alifungiwa ndani ya stoo ya magunia. Alibweka mpaka majirani wakalalamika, na mwenye mbwa alinipigia simu saa tano usiku nimsikie mwenyewe.

Sasa ni wiki ya kumi na nne. Kisigino kipo juu. Kikilinganishwa na cha upande wa pili kimeshuka kidogo, kama upana wa kidole, na kamba yake ni nene kuliko ya mwanzo na haitarudi kuwa nyembamba. Juzi alipita tena kwenye sakafu yangu yenye maji, na alama zilikuwa nne za namna moja, ingawa ile ya kushoto imebonyea zaidi kwenye kitanga.

Mchangiaji, Urambo

Daktari, jana jioni tumefanya kile kipimo, mimi na kijana wangu, tukianza na mguu mzima kama ulivyoelekeza. Mzima uligoma. Ulioumia ulikunjika wote goti likiwa limenyooka, isipokuwa mwishoni kabisa nilisikia kama kitu kinashika kidogo. Ngozi ya nyuma nimeifunga, haijafunguka. Nimezungumza nyumbani, tumekubaliana kujaribu. Nije naye lini, na nimwandae vipi?

Mleta uzi, Tabora mjini

Hicho kinachoshika mwishoni ndilo kovu lako, na ni habari njema kidogo, maana yake ncha hazijaachana kabisa. Njoo Jumanne. Jumatatu ale chakula cha jioni mapema, na asubuhi ya safari asile kitu, ila maji aachiwe mpaka mnapoondoka. Usimpe dawa yoyote ya maumivu kuanzia leo, hata ile uliyokuwa umebaki nayo. Ukipanda basi au pikipiki, mweke kwenye kikapu kipana au sanduku la mbao lenye matundu, mguu uliofungwa uwe upande wa juu. Beba kadi ya chanjo; kama hana, niambie mapema kwa ujumbe wa faragha, kwa sababu nitahitaji kujipanga. Na mje wawili, kwa kuwa baada ya usingizi mmoja wenu atalazimika kukaa naye nyuma ya gari akishikilia mguu usikunjike mpaka mfike Urambo.